Proxima, Jua, Shira au Betelgeuse: uanze na nyota ipi kuelewa moto wa nyota na umri wake?

Anayeanza kusoma jinsi nyota zinavyowaka hukwama mapema. Anakutana na nyota za kila aina, na kila moja ina habari zake: hii itadumu matrilioni ya miaka, ile haitafikisha hata milioni 20, hii inachoma hidrojeni kwa njia moja, ile kwa njia nyingine kabisa. Akizifuata zote kwa mpigo, anaishia kukariri majina. Ushauri wangu siku zote ni kuchagua nyota moja, kukaa nayo miezi kadhaa hadi uielewe ndani na nje, ndipo uhamie nyingine. Kinachobaki ni kujua uanze na ipi.

Nimeziweka nne mezani. Proxima Centauri ni nyota kibete nyekundu, yaani ndogo na hafifu, jirani yetu wa karibu kuliko nyota zote ukiliacha Jua. Ya pili ni Jua lenyewe. Ya tatu ni Shira, ambayo ramani nyingi za anga huiandika Sirius. Ya nne ni Betelgeuse, au Ibuti la Jauza, lile bega jekundu la kundinyota la Jabari.

Tutazipima kwa vigezo gani

Vigezo ni vitano. Kwanza tanuri, yaani joto la kitovu cha nyota na njia ya myeyungano (kuungana kwa viini vya atomi) inayotawala humo. Pili, matumizi: nyota inakula mafuta yake kwa kasi gani. Tatu, mafuta yanayofika kwenye tanuri, kwa sababu si hidrojeni yote ya nyota inayopata nafasi ya kuungua. Kigezo hiki masomo mengi ya mwanzo hukiruka, na mimi nakipa uzito mkubwa. Nne, mwisho wake. Tano, kile unachoweza kukiona mwenyewe, kwa macho au kwa vifaa.

Kuna jambo moja ambalo nyota zote nne hushiriki, na ni vizuri ulifanye kwa kalamu na karatasi. Atomi moja ya hidrojeni ina tungamo la 1.00783 kwa kipimo cha atomi. Chukua nne: unapata 4.03132. Atomi moja ya heli, ambayo ndiyo zao la hizo nne zikiungana, ina 4.00260. Toa. Zimepotea 0.02872, karibu asilimia 0.7 ya ulichoanza nacho. Hazikupotea bure, zimegeuka nishati, na nishati hiyo ndiyo mwanga wa nyota. Arthur Eddington aliiona maana ya tofauti hii mwaka 1920, muda mfupi baada ya Francis Aston kupima tungamo za atomi kwa usahihi. Kabla ya hapo hesabu ya Lord Kelvin ilidai kwamba Jua hupata joto kwa kusinyaa tu, na kusinyaa hakuwezi kuliwasha zaidi ya makumi ya mamilioni ya miaka. Miamba ya Dunia ilikuwa na umri mkubwa kuliko huo. Hiyo asilimia 0.7 ndiyo iliyomaliza ugomvi.

| Nyota | Tungamo (Jua = 1) | Nguvu ya mwanga (Jua = 1) | Muda wa kuchoma hidrojeni kitovuni |
|---|---|---|---|
| Proxima Centauri | 0.12 | 0.0017 | matrilioni ya miaka |
| Jua | 1 | 1 | miaka bilioni 10 hivi |
| Shira | 2 | 25 | miaka bilioni 1 hivi |
| Betelgeuse | 15 hadi 20 ilipozaliwa | karibu laki moja kwa sasa | miaka milioni 10 hivi, imekwisha |

Tanuri

Kiini cha hidrojeni ni protoni moja, na protoni zina chaji chanya, kwa hiyo husukumana. Kitovu cha Jua kina joto la karibu digrii milioni 15, na hata hilo halitoshi kuzilazimisha zigusane kwa nguvu za kawaida. George Gamow alionyesha mwaka 1928 kwamba chembe ndogo kiasi hiki zinaweza, kwa nadra sana, kupenya ukuta ambao hazina nguvu ya kuuruka. Nyota zote zinaishi kwa nadra hiyo.

Ifuate protoni moja iliyo katikati ya Jua. Inagongana na wenzake mara zisizohesabika kila sekunde, na karibu kila mara inarudishwa nyuma. Hata ikipenya, bado haijafaulu, kwa maana protoni mbili peke yake haziwezi kukaa pamoja. Ni lazima mojawapo igeuke nyutroni palepale zinapokutana, na mgeuko huo ni adimu mno. Kwa wastani protoni yetu itasubiri mabilioni ya miaka. Ikishafaulu, mambo yanakwenda mbio: ndani ya sekunde chache inaongezewa protoni ya tatu na kuwa heli nyepesi, kisha baadaye heli nyepesi mbili zinaungana, zinatoa heli kamili na kurudisha protoni mbili. Huu ndio mfululizo wa protoni kwa protoni. Lango lake la kwanza ndilo gumu, na ugumu huo ndio unaolipa Jua umri mrefu.

Proxima hutumia njia hiyohiyo, ila kwa kitovu chenye joto la chini zaidi, hata digrii milioni 10 hakifiki. Lango ni lilelile, wanaopita ni wachache zaidi.

Kwa Shira mambo yanabadilika. Tungamo lake kubwa linakandamiza kitovu hadi zaidi ya digrii milioni 20, na hapo njia nyingine inachukua usukani: mzunguko wa kaboni, nitrojeni na oksijeni, uliofafanuliwa na Carl Friedrich von Weizsäcker na Hans Bethe mwishoni mwa miaka ya 1930. Kaboni hapa ni mshenga. Inapokea protoni moja baada ya nyingine, inageuka nitrojeni, inapitia oksijeni, inarudi nitrojeni, na mwisho inaachia heli na kubaki kaboni ileile iliyoanza kazi, tayari kwa awamu nyingine. Haichomwi; inakutanisha tu. Njia hii hutawala katika nyota zenye tungamo la zaidi ya mara 1.3 ya Jua hivi. Ndani ya Jua imo pia, lakini huchangia kama asilimia 1 tu, na nyutrino zake, chembe ndogo mno zinazopenya karibu kila kitu, zilinaswa kwa mara ya kwanza na jaribio la Borexino chini ya mlima wa Gran Sasso, Italia, matokeo yakatangazwa mwaka 2020.

Betelgeuse imeshamaliza hidrojeni ya kitovuni. Kwa kadiri tunavyoielewa sasa inachoma heli, kazi inayohitaji zaidi ya digrii milioni 100. Heli mbili zikiungana hutoa berili isiyodumu hata sehemu ya trilioni moja ya sekunde, na katika muda huo heli ya tatu iwe imefika, ndipo ipatikane kaboni. Mwaka 1953 Fred Hoyle aliangalia kaboni iliyojaa ulimwenguni, akasema ni lazima kiini cha kaboni kiwe na hali maalumu ya nishati inayorahisisha muungano huo. Wanafizikia wa maabara ya William Fowler walipima, wakaikuta. Katika somo hili lote sijui tukio linalonigusa kuliko hilo: mtu anaangalia kitu kilichomo mwilini mwake, anabashiri kutokana nacho jambo la ndani ya kiini cha atomi, na anapatia.

Tofauti kubwa kati ya njia hizi tatu ni jinsi zinavyolipokea joto. Pandisha joto la kitovu kwa asilimia 10 tu. Mfululizo wa protoni unaongezeka kama nusu yake. Mzunguko wa kaboni unaongezeka mara 5 hivi. Uchomaji wa heli unaongezeka zaidi ya mara 40.

Matumizi

Jua hubadilisha karibu tani milioni 600 za hidrojeni kuwa heli kila sekunde, na tani zaidi ya milioni 4 kati ya hizo hugeuka nishati tupu. Namba hizo hutisha, lakini zinatokana na ukubwa wa Jua, wala si ukali wa moto wake. Pima kwa kilo: kilo moja ya kitovu cha Jua hutoa joto dogo kuliko kilo moja ya mwili wako ukiwa umeketi unasoma haya. Haba na haba, ila kibaba chenyewe ni kikubwa mno.

Ukitaka kukadiria nyota yoyote itaishi muda gani kwa jumla, gawa tungamo lake kwa nguvu ya mwanga wake, kisha zidisha kwa miaka bilioni 10. Kwa Jua ni 1 gawa kwa 1. Kwa Shira ni 2 gawa kwa 25, unapata 0.08, yaani miaka milioni 800. Wataalamu kwa hesabu zao ndefu hupata karibu bilioni 1, kwa hiyo hukukosea sana. Shira ina mafuta maradufu lakini inayatumia mara 25.

Sasa ifanyie Proxima. Gawa 0.12 kwa 0.0017, unapata kama 70. Mara bilioni 10 ni miaka bilioni 700. Hapa hesabu yetu na ya wataalamu zinaachana, maana wao wanapata matrilioni. Tumekosea wapi?

Mafuta yanayofika kwenye tanuri

Tumekosea kwa kudhani kila nyota huchoma sehemu ileile ya mafuta yake. Ndani ya Jua, myeyungano hufanyika katika robo ya ndani ya nusu kipenyo chake, na eneo hilo halikorogwi. Nishati hutoka humo kwa mnururisho, si kwa mata kupanda na kushuka. Mikondo inayotokota ipo kwenye thuluthi ya nje tu, mbali na tanuri. Kwa hiyo heli, ambayo ni jivu la moto huu, inarundikana palepale katikati, na hidrojeni ya tabaka za nje haishuki kuchukua nafasi. Jua litaondoka katika utu uzima wake likiwa limetumia kama sehemu moja ya kumi ya hidrojeni yake. Nyingine yote ilikuwepo, ila haikufika.

Proxima inatokota yote, kuanzia katikati hadi juu, kama nyota zote zenye tungamo la chini ya theluthi moja ya Jua hivi. Heli inatolewa katikati, hidrojeni mpya inaletwa, siku zote. Itachoma karibu kila kilichomo. Zidisha bilioni 700 zako kwa kiasi hicho na matrilioni yanaonekana. Ulimwengu una miaka bilioni 13.8, kwa hiyo hakuna hata nyota moja ya aina hii iliyowahi kufa kwa kuishiwa.

Shira imepinduliwa: kitovu ndicho kinachotokota kwa sababu mzunguko wa kaboni hujibana katikati kabisa na kumwaga nishati nyingi mahali padogo, huku tabaka za juu zikitulia. Kitovu kinachokorogwa kinaipa mafuta yanayozidi kidogo yale ambayo hesabu yetu iliipa, ndiyo maana tulipata milioni 800 badala ya bilioni 1. Nyota kubwa kama Betelgeuse hupata nafuu ya namna hiyo, na kubwa zaidi, katika ujana wao. Haiwaokoi.

Mwisho

Jua limekwisha kuishi miaka bilioni 4.6. Linazidi kung'aa kwa kama asilimia 10 kila miaka bilioni moja, kwa hiyo Dunia itakuwa na joto lisilovumilika mapema sana kabla ya mafuta kwisha. Baada ya kama miaka bilioni 5 litavimba kuwa jitu jekundu, limeze Utaridi na Zuhura, lipukutishe tabaka zake, na kuacha nyota kibete nyeupe yenye karibu nusu ya tungamo la leo.

Mwisho wa Shira unaoneshwa na mwenzake anayeizunguka. Friedrich Bessel alitambua mwaka 1844 kwamba Shira inayumba, na mwaka 1862 Alvan Graham Clark akamwona anayeiyumbisha: nyota kibete nyeupe, tungamo la Jua katika ukubwa wa kama Dunia. Iliwahi kuwa kubwa kuliko Shira, kwa hiyo ilimaliza mafuta mapema. Ndugu wawili waliozaliwa pamoja, aliyekuwa tajiri zaidi ndiye aliyefilisika kwanza.

Proxima haitakuwa jitu jekundu. Itazidi kupata joto taratibu, kisha ibaki kibete cheupe cha heli kinachopoa.

Betelgeuse ndiyo yenye mwisho wa kasi. Kwa nyota yenye tungamo la mara 25 ya Jua, hesabu zinazotumika sana zinasema hivi: hidrojeni miaka milioni 7, heli kama miaka laki 7, kaboni miaka 600, neoni mwaka 1, oksijeni miezi 6, silikoni siku 1. Betelgeuse ni ndogo kidogo kuliko hiyo, hivyo muda wake ni mrefu zaidi, lakini mteremko ni uleule. Kila jivu linakuwa kuni za awamu inayofuata, na kila awamu inalipa kidogo kuliko iliyotangulia, hadi ifike chuma. Kuunganisha viini vya chuma hula nishati badala ya kuitoa. Kitovu kinaporomoka, na nyota inalipuka kuwa supanova. Kwa Betelgeuse inakadiriwa itatokea ndani ya miaka laki moja hivi.

Unachoweza kukiona

Hapa Proxima inaumiza. Iko miaka ya nuru 4.24 tu, lakini haionekani kwa macho. Hakuna nyota kibete nyekundu hata moja inayoonekana bila kifaa. Robert Innes aliigundua mwaka 1915 akiwa Johannesburg kwa kulinganisha picha za anga. Unahitaji darubini na anga la kusini.

Jua liko wazi kila siku, na usilitazame kamwe bila kichujio maalumu. Lakini lina kitu ambacho nyota nyingine hazina: nyutrino zake tunazipata kwa wingi, bilioni zaidi ya 60 zikipita katika kila sentimita ya mraba ya mwili wako kwa sekunde. Mwanga wake umehangaika maelfu kwa maelfu ya miaka kutoka kitovuni hadi juu. Nyutrino zimetoka huko dakika 8 zilizopita. Raymond Davis alizisubiri ndani ya mgodi wa dhahabu wa Homestake, Marekani, akapata theluthi moja tu ya zilizotarajiwa. Wengi walidhani amekosea. Hakukosea: nyutrino hubadilika aina njiani, na kifaa chake kilinasa aina moja.

Shira ndiyo nyota angavu kuliko zote usiku, huhitaji ramani.

Betelgeuse inahitaji macho tu, lakini ukiwa na darubini ya macho mawili jaribu hivi: ielekeze, kisha vuruga kidogo ukali wa picha hadi nukta iwe kisahani. Rangi ya kaa la moto inajitokeza mara moja. Hamia mguu wa Jabari, kwenye Rijili, ufanye vivyo hivyo: kisahani cheupe chenye ubuluu. Nimewaonyesha watu wengi hilo na sijaona aliyebaki kimya. Ila ijue mipaka yake. Mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020 Betelgeuse ilififia sana na watu wakakesha wakingoja ilipuke. Lilikuwa wingu la vumbi iliyolitema yenyewe. Uso wa nyota hauripoti habari za kitovu.

Uchague ipi

Kama unafundisha darasa na unataka namba zilizopimwa badala ya kukadiriwa, chukua Jua. Kila hatua ya mfululizo wake ina ushahidi.

Kama kinachokuvuta ni uhai kwingineko, anza na Proxima, kwa sababu ina sayari iliyotangazwa mwaka 2016, yenye tungamo lisilopungua la Dunia, inayoizunguka kwa siku 11. Muda si tatizo lake. Tatizo ni milipuko ya mara kwa mara ya nyota yenyewe, na sayari iko karibu mno nayo. Ukiona hilo linakukatisha tamaa, tazama vibete vya rangi ya machungwa kama Epsilon Eridani, vilivyo kati ya Proxima na Jua kwa tungamo na kwa urefu wa maisha.

Kama unapenda hesabu na unataka kujaribu uhusiano wa tungamo na umri, Shira na mwenzake wanakupa mifano miwili ya umri uleule katika sehemu moja. Ongeza Kilimia, kundi la nyota lenye umri wa kama miaka milioni 100: angavu zake zote ni za buluu, na zilizokuwa kubwa mno hazimo tena.

Kama swali lako ni kaboni, oksijeni na chuma vilitoka wapi, hakuna ya kushindana na Betelgeuse. Isome pamoja na supanova ya Februari 1987 katika Wingu Kubwa la Magellan, ambapo vifaa vya Japani, Marekani na Urusi vilinasa nyutrino 20 na ushee kabla mwanga wa mlipuko haujaonekana.

Na kama huna kifaa chochote wala mwalimu, toka nje usiku Jabari akiwa juu. Mstari wa nyota tatu za mkanda wake, ukiufuata upande mmoja, unakupeleka moja kwa moja kwa Shira. Betelgeuse iko juu ya mkanda huohuo, begani. Utaziona zote mbili kwa wakati mmoja, moja ikichoma hidrojeni na nyingine heli.